Akiba Ipi Haiozi? Mafundisho Matatu Kuhusu Mali, Yakipimwa Mezani pa Mhazini

Methali yetu husema akiba haiozi. Mathayo 6:19 husema kinyume chake: hazina ya duniani huharibiwa na nondo na kutu, na wezi huvunja na kuiba. Mkazi wa vijiji vya juu ya Moshi aliyewahi kufungua gunia la mahindi mwezi wa Machi anajua ni kauli ipi iliyo karibu na ukweli. Unafungua kamba, unatia mkono, na badala ya punje unakutana na vumbi la dumuzi linalopita katikati ya vidole, huku punje zilizobaki zikiwa maganda yenye matundu. Neno la Kigiriki ambalo wafasiri wetu waliliandika "kutu" maana yake ya msingi ni ulaji, na wapo wanaosema kwamba linaweza kuwa linataja wadudu wa ghalani badala ya chuma kinachochakaa. Mimi niliyewahi kupoteza magunia mawili kwa kuchelewa kutia dawa sina ubishi nao.

Nilistaafu ualimu, kisha nikachaguliwa kuwa mhazini wa usharika wetu wa Kilutheri, kazi ambayo imenifundisha mengi kuhusu fedha na machache kuhusu mioyo ya watu, kwa kuwa mioyo haiingii kwenye daftari. Mwishoni mwa Septemba, kijana wa jirani yangu anayeongoza wageni mlimani Kilimanjaro aliingia uani kwangu jioni, akanipa shikamoo, akakaa kwenye kigoda na kunyamaza kuliko kawaida yake. Msimu ulikuwa umemwendea vizuri, na baada ya kulipa madeni alikuwa amebakiwa na shilingi milioni 4. Kikundi cha maombi anachohudhuria akiwa Arusha kilikuwa kimemtaka azitoe zote ziwe mbegu, kwa ahadi kwamba zitamrudia mara mia. Shangazi yake, ambaye ni mtawa wa Kikatoliki, alikuwa amemwambia kwamba mtu hulala usingizi mzuri zaidi akiwa hana cha kulinda. Usharika wetu nao ulikuwa umempa bahasha ya ahadi ya ujenzi.

"Mwalimu, wote wanasoma Biblia hiyo hiyo," aliniambia. "Sasa nimsikilize nani?"

Nilimjibu kwa kuyaweka mafundisho hayo matatu pamoja juu ya meza moja, na ninayoyaandika hapa ni jibu lile lile, ila limepanuliwa kwa ajili ya wengine wenye swali kama lake.

Mafundisho yenyewe

La kwanza ni injili ya mafanikio. Lilikua nchini Marekani hasa baada ya Vita ya Pili ya Dunia, likaenezwa kwa redio na televisheni, na siku hizi linasikika kwenye vipaza sauti vya mahema na kumbi nyingi za Arusha na Moshi. Linafundisha kwamba afya na mali ni haki ya mwamini, kwamba umaskini ni laana iliyokwisha kuvunjwa, na kwamba sadaka ni mbegu inayotegemea imani ya mpandaji ili izae.

La pili ni ufukara wa hiari. Antonio wa Misri, katika karne ya 3, aliingia kanisani akasikia likisomwa neno la Yesu kwa kijana tajiri, "enenda ukauze ulivyo navyo", naye akatoka akagawa mashamba aliyorithi kwa wazazi wake. Fransisko wa Assisi, aliyefariki mwaka 1226, alivua hata nguo na kumrudishia baba yake mbele ya askofu. Nadhiri ya ufukara wanayoiweka masista na mabradha tunaowaona kila siku katika hospitali na shule za mkoa huu imetoka katika mkondo huo huo.

La tatu ni uwakili, ndilo ambalo wengi wetu tulilikuta kwenye mafundisho ya kipaimara. Mali ni ya Mungu, mwanadamu ni wakili tu, na siku moja ataitwa atoe hesabu, kama ilivyo katika mfano wa talanta wa Mathayo 25.

Kabla ya kuyatenganisha, inafaa kusema kwamba hakuna hata moja kati yake linalofundisha kwamba fedha yenyewe ni dhambi. Mstari wa 1 Timotheo 6:10, unaokosewa na wasemaji wengi, hausemi kwamba fedha ni shina la mabaya. Unasema kupenda fedha ndiko shina. Yanapoachana ni katika kueleza mali ni nini, maskini ni nani, na mtu afanye nini siku mali ikiondoka.

Mali ni nini?

Kwa injili ya mafanikio mali ni ushahidi; ukiiona kwa mtu, umeiona imani yake. Kwa ufukara wa hiari mali ni mzigo, na mpanda mlima yeyote anaelewa kwa nini mtu hupunguza mzigo kadiri anavyokaribia kilele. Kwa uwakili mali ni dhamana, kitu cha mwenyewe kilichoachwa mikononi mwako.

Watu wa mlima huu hatukulipokea swali hili tukiwa mikono mitupu. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na Wakatoliki walikuwa wameshatangulia Kilema. Pamoja na Injili ikaja shule, ikaja zahanati, na kahawa ikaenea katika vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, vya wakristo wapya. Kufikia mwaka 1933, wakulima wa kahawa walipopata chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, wokovu na maendeleo vilikuwa vimekwisha kupanda mlima katika kapu moja. Kwa hiyo mhubiri anapokuja leo na kusema kwamba Mungu anataka ufanikiwe, masikio yetu hayashangai sana, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya fundisho hilo kupata nafasi hapa kwa urahisi.

Nami sitaki kulidharau. Nimeona vijana walioacha pombe, wakaanza kuamka saa kumi alfajiri, wakafungua vibanda vya nguo pale soko la Memorial na kulipa ada za wadogo zao, kwa sababu mtu fulani aliwaambia kwa sauti kubwa kwamba hawakuumbwa wawe maskini. Kanisa langu lilikuwa limewaambia hilo kwa sauti ndogo mno. Tatizo langu liko kwenye mistari inayotumiwa, ambayo mara nyingi hukatwa kabla haijaisha. Ahadi ya mara mia iko Marko 10:30 kweli, lakini katikati ya nyumba na mashamba yanayoahidiwa yameandikwa maneno "pamoja na udhia", na sijawahi kusikia udhia ukiahidiwa wakati wa kukusanya bahasha. Kumbukumbu la Torati 8:18 husema Mungu ndiye atoaye nguvu za kupata utajiri, ila mstari wa 17 umewekwa hapo ili kumzuia tajiri asijisifu, si kumpa cheti cha imani. Zaka ya Malaki 3:10 iliagizwa ipelekwe ghalani ili kiwemo chakula, na ukirudi Kumbukumbu la Torati 14:28-29 utaona nani alipaswa kula zaka ya kila mwaka wa tatu: Mlawi asiye na shamba, mgeni, yatima na mjane. Hiyo ni ghala ya kulishia watu. Kuifanya mtaji wa kumzalishia mtoaji ni kuibadilisha kazi.

Ufukara wa hiari una nguvu ambayo mafundisho mengine mawili hayana, nayo ni kwamba mwalimu wake hawezi kushukiwa anajitajirisha kwa mahubiri yake. Lakini ukiusoma kama amri kwa kila mtu, Injili zenyewe zinakukatalia. Kijana tajiri aliambiwa auze vyote. Zakayo alitangaza nusu ya mali yake kwa maskini na kurudisha mara nne alichodhulumu, na akaambiwa wokovu umefika nyumbani mwake siku ile ile, pasipo kudaiwa nusu iliyobaki. Yoana, mkewe Kuza, pamoja na wanawake wengine wa Luka 8:3, waliihudumia safari ya Yesu kwa mali zao, kazi ambayo wasingeiweza kama wangekuwa wameziuza zote mwaka uliotangulia. Yusufu wa Arimathaya alikuwa tajiri, na kaburi alilolazwa Yesu lilikuwa lake. Hata Antonio, alipogawa mashamba, kwanza alimwekea dada yake kiasi kidogo, kisha akakitoa nacho na kumkabidhi dada huyo kwa wanawake waaminifu wamlee. Kila ninaposoma habari hiyo najiuliza kama kuna mtu aliyemuuliza dada.

Uwakili hukwepa shida za pande zote mbili, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa kuwa wakili anaweza kukaa katika nyumba ya bwana wake hadi akasahau kwamba si yake. John Wesley, mhubiri wa Kiingereza wa karne ya 18, alifundisha watu wapate kadiri wawezavyo, waweke akiba kadiri wawezavyo, na watoe kadiri wawezavyo. Uzeeni akalalamika kwamba wafuasi wake walishika mawili ya kwanza na kuliacha la tatu. Alisimulia pia habari ya mtu mmoja wa Oxford, ambaye wasomaji wengi humdhania kuwa ni Wesley mwenyewe. Mtu huyo alipopata pauni 30 kwa mwaka aliishi kwa 28 na kutoa 2, na mwaka uliofuata alipopata 60 akaendelea kuishi kwa 28 na kutoa 32. Nimeijaribu hesabu hiyo kwa pensheni yangu na ninakiri kwamba ile 28 yangu huwa inanenepa.

Ushahidi wa hatari hiyo uko kando ya barabara zetu. Ukipanda kwenda Kibosho au Marangu mwezi wa Mei, utapita nyumba za ghorofa zenye vigae vyekundu na mageti ya chuma, madirisha yamefungwa, na mlinzi mmoja anakata majani ya ng'ombe wake kwenye ua wa kifahari. Desemba zinafunguliwa, watu wanapanda kuja "kuhesabiwa" kama tunavyotaniwa nchi nzima, mbuzi anachinjwa, vyumba vinajaa kwa siku kumi, kisha kufuli linarudi. Sisemi kwamba nyumba hizo zote ni maghala ya yule tajiri mpumbavu wa Luka 12. Nyingine zilijengwa ili mama aliyezeeka katika nyumba ya udongo alale pakavu, na kurudi kwenye kihamba yalipo makaburi ya wazee ni heshima ambayo siwezi kuicheka. Ila mwenye nyumba akiniambia yeye ni wakili tu, nina haki ya kumuuliza vyumba sita vinamhudumia nani kuanzia Januari hadi Novemba.

Maskini ni nani?

Swali hili ndilo linaloyatofautisha mafundisho haya kwa ukali zaidi, na ninamshauri mtu anayechagua aanzie hapa. Katika injili ya mafanikio maskini ni mtu ambaye imani yake bado haijafanya kazi. Kwa upole au kwa ukali, lawama humrudia yeye. Katika ufukara wa hiari maskini ni ndugu, tena karibu ni mwalimu. Katika uwakili maskini ni mwenye haki juu ya ziada yangu, ijapokuwa mara nyingi tunamgeuza kuwa mtu wa kuombewa kwenye sala ya mwisho.

Niruhusiwe kueleza mnada wa mavuno, maana wasomaji wa pwani huenda hawaujui. Ibada ikiisha, mazao yaliyoletwa madhabahuni hutolewa nje chini ya mti, mzee wa kanisa hugeuka dalali, na kuku, mayai, mahindi na ndizi hupigiwa bei kwa vicheko. Mwaka mmoja bibi mmoja mjane alileta mkungu mdogo wa ndizi, bila shaka ndio pekee uliokuwa umekomaa shambani mwake, kwa kuwa niliuona mgomba wake umekatwa nilipopita kwenda kanisani. Mfanyabiashara mmoja akaununua kwa shilingi 30,000, akaurudisha mnadani, ukauzwa tena 25,000, ukarudishwa, na mara ya tatu ukaenda kwa 20,000. Watu walishangilia kila mara. Jioni niliandika 75,000 na majina ya wanunuzi watatu, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari. Bibi hakuandikwa popote. Kitabu changu hakina safu ya mgomba.

Habari ya mjane wa senti mbili katika Marko 12:41-44 husomwa sana wakati wa sadaka, na makanisa yote matatu hulipenda fungu hilo, pamoja na langu. Mstari ulio juu yake, wa 40, hausomwi: unawataja walimu wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu. Mtu akiisoma mistari hiyo mitano kwa pamoja ataona kwamba Yesu alimsifu mjane, lakini hakuisifu meza iliyompokea senti zake za mwisho. Mhazini analazimika kuusoma mstari huo wa 40 akijitazama.

Siku ya hasara

Mwaka 2020 wageni walipokatika, waongozaji, wapagazi, wapishi wa mlimani na wenye hoteli ndogo walikaa miezi bila kipato, na magari ya utalii yakasimama uani yamefunikwa maturubai. Paulo alikuwa ameshaliandika jambo hilo, kwamba matajiri wa ulimwengu wa sasa "wasiutumainie utajiri usio yakini". Kijana wangu wa kigoda alikuwa miongoni mwa waliokaa. Mwaka ule alikuwa ametoa mbegu mara mbili, na mavuno yalipokosekana aliambiwa achunguze maisha yake kama kuna dhambi iliyofichwa. Alichunguza. Alikuwa na umri wa miaka 24 na alikuwa anaamini kwamba ugonjwa ulioifunga dunia nzima ulisababishwa, kwa upande wake, na upungufu wa imani yake mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu kubwa inayonifanya nisimshauri mtu yeyote ajenge maisha yake juu ya fundisho hilo, hata nikilipa sifa zake zote: siku njema linakupongeza, na siku ya hasara linakuacha na hasara mbili.

Aliye katika ufukara wa hiari siku hiyo hana cha kupoteza, na jumuiya yake humlisha. Wakili anapoteza, anahuzunika, lakini hahukumiwi kwa kupoteza. Anahukumiwa kwa alichokifanya kilipokuwapo. Ayubu alilirarua joho lake, na hakuna aliyemwambia vazi ni kitu cha kidunia.

Na akiba ya mbinguni yenyewe ni nini? Barua ile ile, 1 Timotheo 6:18-19, inaitaja kwa vitendo: kutenda mema, kuwa tayari kutoa, kushirikiana na wengine, na hivyo kujiwekea akiba iwe msingi mzuri kwa wakati ujao. Wakatoliki husema matendo hayo, yakiwezeshwa na neema, yana stahili mbele ya Mungu. Sisi Walutheri husema mtu huokolewa kwa neema kwa njia ya imani, na matendo hufuata kama matunda. Tofauti hiyo ni kubwa darasani. Mlangoni kwa mgonjwa asiye na nauli ya kwenda hospitali ya KCMC sijaiona ikibadilisha kiasi kinachotolewa.

Kwa mwenye kuchagua

Mtu asiye na mke, mume, mtoto wala mzazi anayemtegemea, na ambaye moyo wake unamvuta huko, asiogope ufukara wa nadhiri. Kanisa lingekuwa na njaa ya ukweli pasipo watu hao. Mwenye familia asijaribu kuwaiga kwa kuwavua nguo walio wake, kwa sababu 1 Timotheo 5:8 humwita asiyewatunza wa nyumbani mwake mtu aliyeikana imani. Kwake uwakili ndio njia, kwa sharti kwamba awe na kipimo kinachomuuma, kama ile 28 ya Wesley, na kwamba mtu mwingine zaidi yake akijue. Aliyeko katika kanisa la mafanikio na hataki kuliacha, abaki na bidii aliyoipata huko, ila asome mistari mpaka mwisho na asitoe sadaka ya mkopo.

Kwa kijana wangu niliongeza jambo moja, la Marko 7:9-13, ambalo mafundisho yote matatu yanaweza kulikosea. Walikuwapo watu waliosema mali ambayo ingewasaidia wazazi wao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu, na Yesu aliwaambia kwamba wamelitangua neno la Mungu kwa desturi hiyo. Nilimuuliza bima ya afya ya mama yake inaisha lini. Akatazama chini. Ilikuwa imeisha mwezi wa Juni.

"Basi mwanangu," nilimwambia, "hata bahasha yetu ya ujenzi isubiri."

Mchungaji aliposikia hakufurahi sana, kwa kuwa bati zilikuwa zimepanda bei, lakini hakunipinga.

Alirudi baada ya wiki tatu. Bima ya mama ilikuwa imelipwa, mpagazi aliyevunjika mguu mwezi wa Agosti alikuwa amepelekewa kiasi fulani ambacho hakukitaja, na kikundi cha Arusha kilikuwa kimepata sadaka ya kawaida, jambo ambalo halikuwapendeza. Akaweka mezani shilingi 400,000 za usharika. Nilizihesabu mara mbili, nikamwandikia stakabadhi, naye akaikunja akaitia kwenye mfuko wa shati, akaniuliza kama gunia langu la mahindi nimelitia dawa mwaka huu.